Kwa nini chumba cha magauni kina giza, na kanga za bibi zitundikwe wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Tabata. Binti yangu anasoma Ufaransa. Mwezi wa saba alinialika, na siku moja akanipeleka Paris kwenye makumbusho ya sanaa za mapambo, mitindo na usanifu, yale ya mtaa wa Rivoli. Nilikuwa na hamu kweli maana nimeshona nguo miaka 30. Kufika chumba cha magauni nikakuta giza kama la sinema. Mishono sikuiona, maandishi sikuyasoma, na binti ananiambia yeye anaona vizuri tu. Nilitoka nimeudhika: tiketi tumelipa, halafu kitu chenyewe kimefichwa. Sasa nimerudi na wazo. Marehemu bibi yangu aliacha doti mbili za kanga. Moja ni kisutu, haijakatwa hata leo. Nyingine ina jina 'Wema hauozi', ilishakatwa, na kipande kimoja kimechakaa kuliko mwenzake. Nataka kuzitia fremu zenye kioo, nizitundike sebuleni kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, wageni wazione, si kama kule. Binti anasema nitaziua. Mdogo wangu anasema tuzipeleke Makumbusho ya Taifa. Kwa sasa ziko kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la mbao, na naftalini. Nani yuko sahihi?"

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka kidogo, kwa sababu ugomvi wenu wa nyumbani ndio ugomvi wetu sisi wahifadhi wa nguo kila siku kazini: kuonyesha au kutunza. Binti yako yuko sahihi kwa mengi. Mdogo wako ana hoja, ila ana haraka. Na wewe una haki kwenye jambo ambalo wataalamu huwa tunalikwepa, kwamba nguo iliyofungiwa mpaka hakuna anayeikumbuka nayo imepotea, hata kama rangi yake haijapauka.

Nianze na macho, maana hapo ndipo ulipoudhikia. Binti hakukudanganya. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi ndani karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni haifunguki tena kama zamani na lenzi imeanza kuingia umanjano. Mlisimama mbele ya gauni moja mkaona magauni mawili. Tena mlitoka kwenye jua la kiangazi. Jicho likitoka juani huchukua dakika kadhaa kuanza kuzoea giza, na karibu nusu saa kulizoea sawasawa. Wageni wengi huwa wameshamaliza chumba kabla macho yao hayajafika. Ila kama hata hapa Dar umeanza kupata taabu jioni, taa za magari zinakutawanyikia, nenda ukapimwe macho. Mtoto wa jicho huanza hivyohivyo, na huyo si wa kutibiwa na mhifadhi wa nguo.

Sasa giza lenyewe. Hawakukuficha kitu. Kwa vitambaa, makumbusho mengi duniani hushika kiwango cha luksi 50, luksi ikiwa ni kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya kitu. Jua la Dar saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, ni kama luksi 100,000. Fanya hesabu nami. Makumbusho yale kwa kawaida huwa wazi kwa muda wa saa 7 kwa siku, siku 6 kwa wiki, Jumatatu hufungwa. Zidisha kwa wiki 52, kisha kwa luksi 50, unapata kama 109,000. Hiyo ndiyo dozi ya mwanga ambayo gauni lingeila pale kwa mwaka mzima. Kanga iliyoanikwa kambani saa sita mchana huila dozi hiyo kwa saa moja na dakika chache. Na juani kuna miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana, ambayo makumbusho huichuja. Kwa hiyo kambani hali ni mbaya zaidi ya hesabu yetu.

Sisemi kwamba kanga ikianikwa saa moja imekwisha. Kanga iliumbiwa kufuliwa, kuanikwa na kuvaliwa, na rangi za viwandani nyingi zinavumilia. Ninachotaka uone ni kwamba mwanga ni deni linalolimbikizwa. Rangi ni molekuli iliyoshikamana na uzi. Tunaiona nyekundu kwa kuwa inameza sehemu ya mwanga na kuturudishia wekundu. Kile inachokimeza ni nishati, na nishati lazima iende mahali. Mara nyingi hugeuka joto kidogo, mambo yakaisha. Mara mojamoja huvunja kiungo ndani ya molekuli yenyewe, oksijeni ya hewani ikamalizia, na molekuli iliyovunjika haina rangi tena. Moja ikivunjika hutajua. Lakini mwanga hauchoki. Uzi wa pamba nao umejengwa kwa selulosi, minyororo mirefu ambayo mwanga, hasa ule wa urujuanimno, huikatakata. Umeshona miaka 30, bila shaka umewahi kuletewa pazia la zamani lililochanika kama karatasi upande wa dirishani, na upindo wa ndani uko mzima. Wema hauozi, mama, lakini pamba inaoza.

Watu wengi hudhani nguo ikilazwa gizani inapumzika kama mtu aliyelala, ikiamka ina nguvu mpya. Hapana. Giza halirudishi chochote. Linasimamisha hesabu tu. Wengine husema adui ni mwako wa kamera. Mwako mmoja ni kitu kidogo mno ukilinganisha na taa zinazowaka siku nzima. Makumbusho mengi huukataza pia kwa sababu ya usumbufu kwa wageni wengine. Na la tatu, ambalo linakuhusu wewe moja kwa moja: kioo. Kioo cha kawaida cha fremu huzuia sehemu tu ya urujuanimno, na mwanga unaoonekana kwa macho kinaupitisha karibu wote, nao pia hupausha. Kioo kinakinga vumbi na vidole, basi.

Ndiyo maana makumbusho yale ya Rivoli hayana magauni ya kudumu ukumbini. Nguo hutolewa kwa maonyesho ya miezi kadhaa, kisha hurudi ghalani kulala kwa muda mrefu. Vinavyokaa ni samani, vyombo, vioo, na vyumba vya nyumba ya mshonaji Jeanne Lanvin vya miaka ya 1920, vilivyohamishwa na mapambo yake. Natumaini binti alikupitisha huko.

Hata hivyo hasira yako ina msingi wa kihistoria, na nakuomba usiione haya. Taasisi ile ilianzia kwenye chama kilichoundwa mwaka 1864 kwa kaulimbiu ya uzuri ndani ya kitu chenye kutumika, kabla ya kufungua makumbusho kwenye bawa la jumba la Louvre mwaka 1905. Ile ya London, ambayo leo inaitwa Victoria and Albert, ilianza mwaka 1852 kwa lengo hilohilo, na ilipohamia South Kensington mwaka 1857 iliweka taa za gesi ili watu wa kazi waweze kuja jioni wakishatoka vibaruani. Yaani makumbusho ya aina hii yalizaliwa kwa ajili ya fundi kama wewe, aje atazame mshono, akashone vizuri zaidi. Leo fundi anafika na mshono hauoni. Hilo ni tatizo la kweli, na wenyewe wanalijua. London mwaka 2025 walifungua ghala lao la mashariki ya jiji, ambako mtu yeyote anaweza kuagiza kitu mapema, bure, akawekewa mezani akitazame kwa karibu. Ukialikwa tena Ulaya, mwambie binti aagize gauni huko, uitazame mishono yake. Na kwenye ukumbi wenye giza, kaa kwanza kwenye benchi dakika kumi bila kugusa simu, maana kioo cha simu kinalirudisha jicho nyuma. Kisha waulize walinzi kama kuna maandishi ya herufi kubwa. Ukitaka kuona ushonaji, usisimame mbele ya gauni. Nenda ubavuni, uchuchumae kidogo, utazame upindo na pale mkono unapokutana na bega.

Turudi Tabata, maana kuna la haraka kuliko fremu. Toa kanga kwenye ule mfuko wa nailoni wiki hii. Ukungu huota hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya kama asilimia 65 hadi 70, na hewa ya Dar huvuka hapo sehemu kubwa ya mwaka, wakati wa masika ndiyo usiseme. Mfuko haukingi unyevu, unaufungia ndani. Nilipokuwa mwanafunzi niliweka kitenge cha mama yangu kwenye nailoni safi kabisa, nikijiona hodari. Baada ya masika mbili nilikuta ramani ya madoa ya kahawia ambayo mpaka leo haijatoka, na mimi ndiye niliyekuwa nasomea kazi hii.

Naftalini nayo itoke. Kwanza inalinda dhidi ya mwizi asiyeitaka mali yako: nondo wa nguo hula sufu na hariri, si pamba. Wanaoitafuta pamba ni mchwa, na mende hufuata wanga wa kiwandani, ambao kisutu chako kisichowahi kukatwa wala kufuliwa bado kimeujaa. Pili, mvuke wake si mzuri kwa watu. Ukanda wetu wenye malaria una watoto wasio wachache wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kama kuna mjukuu mchanga ndani, usimfunike kamwe kwa nguo iliyotoka moja kwa moja kwenye sanduku hilo. Zianike kwanza kanga kivulini, penye upepo, siku mbili tatu, mpaka harufu ipungue.

Usizifue. Najua mkono unawasha. Wekundu wa kanga za zamani hutoka, na ukitoka huingia kwenye weupe wa mji, ile sehemu ya katikati, na haurudi. Ile chumvi tunayotia kwenye maji ya kanga mpya haishiki rangi kama tulivyofundishwa. Kama siku moja itabidi zifuliwe, lowesha pamba nyeupe kwa maji matupu, ikandamize kwenye kona ya pindo kwa dakika moja. Pamba ikibeba rangi yoyote, acha.

Kuhifadhi hakuhitaji gharama. Nenda Kariakoo, ununue marekani, kile kitambaa cha pamba, isiyotiwa rangi, mita tatu nne, uifue mara mbili kwa sabuni kidogo bila kutia wanga, uisuuze sana. Kwenye hilohilo duka la vitambaa omba bomba la karatasi gumu ambalo jora huzungushiwa, wengi hulitupa. Lifunike kwa karatasi ya alumini ya jikoni, kwa sababu karatasi ngumu ina asidi, kisha marekani juu yake, kisha uzungushe kanga pole pole pamoja na tabaka jingine la marekani. Kukunja ndiko kunakokata nyuzi, kila mara pale pale. Usitumie gazeti, usitumie pini. Bomba likae kwenye rafu, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Sanduku la bibi libaki kama sanduku la bibi. Mbao nazo hutoa asidi, hata zile zinazonukia vizuri. Kila miezi mitatu fungua, tazama, nusa, funga. Kabla ya masika na baada yake usikose. Kama kanga bado zina harufu ya udi ya marehemu, hiyo iache. Mimi nisingefukiza upya, moshi hubeba masizi na mafuta, lakini harufu iliyomo ni sehemu ya kanga kama jina lilivyo.

Sasa ukuta. Nikikukataza kabisa nitakuwa nakujibu kama mlinzi wa makumbusho, na kanga za bibi hazijawahi kuwa za makumbusho. Ulicho nacho wewe, ambacho mhifadhi wa magauni kule Paris hana, ni doti. Gauni ni moja. Doti ni vipande viwili vilivyotoka kiwandani sawasawa: rangi moja, siku moja, jina moja. Basi kwenye "Wema hauozi" kipande kimoja kilale gizani na kingine kionekane. Kile kizima zaidi ndicho cha kulala. Kilichochakaa tayari kimeshatumika na kitaendelea kutumika. Na kile kilicholala kitakuwa shahidi wako. Sisi kazini huweka pembeni mwa nguo kadi yenye vipande vinane vya sufu ya buluu, kila kimoja kikipauka taratibu kuliko jirani yake, ili tujue mwanga umekula kiasi gani. Wewe kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya bibi, toa kipande kilicholala, kiweke kando ya mwenzake, mtazame pamoja na binti kwa mwanga uleule. Mkiona tofauti, kiteremsheni.

Kisutu usikitundike, na zaidi ya yote usikikate. Doti ya zamani ambayo haijakatwa ni nadra, maana kila mwanamke aliyenunua doti aliikata ili aivae. Hii mtu aliamua isikatwe, au hakuwahi kufika kuikata. Kilaze kizima.

Ukuta unaotazamana na dirisha ndio ukuta mbaya kuliko zote. Chagua wa pembeni, ambao jua haliugusi asubuhi wala jioni. Zipo programu za simu za bure za kupima mwanga. Si sahihi kama kifaa chetu, lakini zitakuonyesha ukuta upi una luksi 600 na upi una 80. Pazia zito mchana, wageni wakija unalifungua. Binafsi ningetundika kwa mwezi mmoja tu kila mwaka, kisha miezi 11 kilale. Ukutani muda huo uliobaki unaweza kuweka picha: piga kanga picha nzuri mchana kivulini, ukaichapishe kwenye kitambaa kwa ukubwa wake. Nyumbani kwangu ninayo moja ya namna hiyo. Wageni husifia, nami sipotezi usingizi. Lakini nakiri si sawa. Ukisogea karibu hakuna uzi, na wewe ni fundi, utaliona hilo siku ya kwanza.

Ukiamua kutundika yenyewe, kazi ya kuishona ni yako, si ya fundi fremu. Fundi fremu wa kawaida atapaka gundi kwenye ubao, atanyoosha, na kingo zinazozidi atazikata. Gundi hiyo haitoki tena. Shona kanga kwa mkono juu ya marekani, mishono mirefu iliyolegea, sindano nyembamba ipite katikati ya nyuzi isizitoboe. Kisha fundi atengeneze fremu yenye nafasi ya walau sentimita moja kati ya kitambaa na kioo. Kitambaa kikigusa kioo, umande wa ndani hukinata na ukungu huanzia hapo. Nyuma ya fremu gundisha vizibo vinne ili hewa ipite kati yake na ukuta. Au achana na kioo kabisa: shona mkanda mpana wa marekani upande wa juu kwa nyuma, upitishe ubao laini, utundike kama pazia. Kwa unyevu wa Dar, na kwa mwezi mmoja tu, mimi ningechagua hivyo.

Kuhusu wazo la mdogo wako, Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert ni mahali pa heshima, lakini elewa kinachotokea ukitoa. Zawadi kwa makumbusho kwa kawaida ni ya moja kwa moja, hairudi. Haina maana itaonyeshwa. Inaweza kulala ghalani miaka mingi. Na makumbusho yoyote yana haki ya kukataa. Kitakachowavutia si kitambaa peke yake. Ni habari zake. Kwa hiyo kabla ya lolote, kaeni wewe na mdogo wako, washeni simu irekodi, mseme: nani alimpa bibi kisutu, mwaka gani, kwa shughuli ipi, "Wema hauozi" aliivaa siku zipi na ilimlenga nani. Mkibishana, rekodini na ubishi. Andikeni ufupi wake kwa penseli kwenye karatasi, iwekwe pembeni ya bomba. Ushauri wangu ni kutotoa chochote mwaka huu. Mkija kukubaliana wote, kisutu ndicho cha kutoa.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatoshi. Ukiona manyoya ya ukungu, au ukinusa harufu ya chumba kilichofungwa, vaa barakoa, iweke kanga peke yake mbali na nyingine, usiipanguse. Aliye na pumu asikaribie. Ukikuta mende au matundu mapya, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa na uitie kwenye friza kwa wiki mbili kamili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu katikati, anza kuhesabu upya. Ikitoka, iache imefungwa siku nzima kabla ya kufungua ili isishike umande. Hapo ndipo pekee nailoni ina kazi. Na kama kitambaa kinachanika kikiinuliwa tu, au rangi inabaki kwenye vidole vikavu, usikiguse tena mpaka mtu wa kazi hii akione.

Kumpata, anzia hapo hapo Makumbusho ya Taifa, uulize wanaoshughulikia mikusanyo na uhifadhi. Usizibebe kanga zenyewe kwenye daladala siku ya kwanza. Nenda na picha: nzima mbele, nzima nyuma, pindo kwa karibu, jina, na kila doa ukiweka futi kamba yako kando yake.